Pima 17 za Ukili

Ukindu mzuri hauko kwenye jani lililokwisha kufunguka. Uko katikati ya mkindu, kwenye kuti changa ambalo bado limejifumba na kusimama wima juu ya shina, rangi yake ikiwa kati ya kijani na manjano. Makuti yaliyokomaa yamepigwa na jua na upepo mpaka yamekakamaa, ukiyakunja yanavunjika. Lile lililofumba ni laini, na likikauka huwa jeupe. Mti nao unalilinda. Sehemu ya chini ya kila kuti, majani ya pembeni yamegeuka miiba mirefu iliyoelekea nje, na mkono unaotaka kufika katikati hauna njia nyingine ila kupita hapo.

Msukaji niliyekuwa nikimtazama, bibi mmoja wa kijiji cha karibu na Wete, kaskazini mwa Pemba, huingia bondeni asubuhi umande haujakauka. Mkindu hupenda maji. Huota kwa vishada kando ya mito na kwenye mabonde ya mpunga. Amejifunga kanga kiunoni, ameviringisha kitambaa kikuukuu mkononi, na ana kisu kifupi chenye makali. Hakati upesi. Hulibana kuti kwa vidole viwili, hulitikisa kidogo, na mara nyingi huliacha akaenda shina la pili. Nilimuuliza anatafuta nini.

"Hili bado bichi, mwanangu," alinijibu. "Likianikwa litajikunja."

Akilipata analolitaka, hukata kuti hilo moja tu, kisha shina hilo hulipita. Chini ya kuti changa ndiko uliko moyo wa mti, na kila shina la mkindu lina moyo mmoja. Kisu kikizama mno, shina limekufa. Vishada anavyochuma leo ndivyo alivyokuwa akichuma mama yake, naye anavitazama kwa jicho la mtu anayetaka kuvikuta mwakani.

Nyumbani majani hutenganishwa na upongoo, yakafungwa vicha vidogo na kuanikwa uani. Kaskazi inapovuma na mbingu ni safi, siku chache zinatosha. Usiku vicha huachwa nje kwa makusudi vinywe umande, kwani umande wa usiku na jua la kesho yake ndivyo vinavyouondoa ukijani na kuleta weupe anaoutaka. Mvua ni jambo jingine. Ukindu ulionyeshewa huota koga, na doa la koga halitoki. Litaonekana mpaka mkeka uchakae. Kwa hiyo wingu likijitokeza juu ya minazi, kila aliye uani anajua la kufanya: kuanua kwanza, maneno baadaye. Watu wa Pemba hawahitaji kufundishwa hilo. Kisiwa kizima kimekua na karafuu zilizotandazwa juani juu ya majamvi, na mtoto wa hapa hujifunza kusoma wingu mapema sana.

Nimetaja majamvi, na hapa ni vyema nitenganishe. Jamvi ni la kazi. Husukwa kwa miyaa, majani ya mkoche, ambayo ni mapana na magumu, na hustahimili kuburutwa, kumwagiwa na kukanyagwa. Mkeka ni wa watu. Hutandikwa kwa mgeni, hulaliwa, husaliwa, hukaliwa na wanawake siku za harusi na siku za matanga. Rufiji huisuka mikeka mizuri kwa milala, na visiwani Mafia na Lamu kila mahali pana mkono wake. Bibi huyu husuka vyote viwili, lakini jamvi hulisuka akiwa na haraka ya msimu, na mkeka huusuka kwa raha zake.

Baada ya kukauka, ukindu huchanwa. Hapa ndipo nilipoanza kuelewa kwamba kazi hii inafanyika zaidi kwa kucha na ncha za vidole kuliko kwa chombo chochote. Jani moja la mkindu lina urefu wa shibiri moja na nusu hivi, na limekunjika katikati kwa urefu wake. Kwanza huondolewa uti ule wa katikati, kisha kingo, ambazo ni kavu na zinakwaruza. Kinachobaki huchanwa kwa ukucha wa kidole gumba: ukucha unazama karibu na kitako cha jani, mkono wa pili unavuta, na jani linapasuka moja kwa moja mpaka nchani. Kila uchane hutoka na upana wa karibu nusu sentimita. Hakuna rula. Nilizichukua chane kadhaa kutoka fungu lake nikazilaza ubavu kwa ubavu juu ya goti, nikashindwa kuona ipi imezidi. Wakati huo yeye alikuwa anachana nyingine huku akimweleza jirani habari za mgonjwa aliyelazwa Chake Chake, na macho yake yalikuwa kwa jirani.

Sehemu ya chane hubaki nyeupe. Nyingine hutiwa rangi. Zamani magome ya mikoko yalichemshwa yakatoa wekundu ulioelekea kahawia, na manjano ya jikoni yalitoa rangi ya jina lake. Siku hizi rangi ya unga hununuliwa dukani kwa pakiti ndogo: zambarau, kijani, nyekundu kali. Maji huchemka kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena chakula, rangi ikamiminwa, vicha vikazamishwa na kugeuzwa kwa kijiti. Bibi hakai mbali. Kila baada ya muda hunyanyua uchane mmoja, huukung'uta, huushika dhidi ya mwanga, huurudisha. Rangi ya ukindu uliolowa hudanganya. Ukikauka hupungua ukali, na yeye hutoa vicha vikiwa vimekolea kupita anavyotaka ili vikifika kivulini vikakauka viwe pale pale alipokusudia. Juani haviweki, kwani jua lililokuwa rafiki wa ukindu mweupe ni adui wa ukindu wa rangi.

Sasa anasuka.

Hukaa barazani, miguu ameinyoosha mbele, na pembeni yake pana chane zilizofungwa ndani ya kitambaa chenye unyevu. Ukindu mkavu huvunjika ukikunjwa. Uliolowa sana hulegea, na ukishakauka huacha mianya. Kwa hiyo kitambaa hunyunyiziwa maji kidogo kidogo, na mara kwa mara hukigusa kwa kiganja bila kukitazama. Huanza kwa chane chache, anazikunja katikati na kuzipachika moja ndani ya nyingine ili ncha zitoke pande mbili. Kisha huongeza moja kushoto, moja kulia, mpaka upana umefika vidole vinne. Kuanzia hapo upana hautabadilika tena, na kinachozaliwa ni ukili: ukanda mrefu, mwembamba, unaoshuka kutoka mikononi mwake mpaka mapajani na kujilaza sakafuni.

Mwendo wenyewe unaelezeka kwa maneno machache. Kila uchane hupita juu ya mbili, chini ya mbili, kwa mshazari. Ukifika ukingoni hukunjwa, ukageuka na kurudi upande wa pili. Yaliyobaki yote ni mkazo wa mkono. Uchane usipovutwa sawasawa ukili hupinda kushoto au kulia, na ukili uliopinda hauwezi kushonwa. Ukivutwa mno, ukingo hujikunja. Yeye huvuta kwa kidole gumba na cha shahada, na vidole vingine vitatu vinashikilia zile zinazosubiri zamu yake. Kila baada ya mikunjo michache hulaza ukili juu ya goti na kupitisha upande wa kiganja juu yake mara moja, kwa nguvu kiasi, kisha anaendelea.

Kwa kuwa uchane ni mfupi, hauchelewi kwisha. Karibu wakati wote kuna mmoja unaoelekea mwisho. Hachomeki mpya mahali ulipoishia wa zamani, kwani hapo pangekuwa na tundu. Huulaza mpya juu ya wa zamani ungali na urefu, akazisuka mbili pamoja kwa mapishano kadhaa kama uchane mmoja, ndipo wa zamani unapoachwa ubaki nje kwa chini. Upande wa juu huoni kitu. Ukigeuza ukili, upande wa chini umejaa vincha vilivyochomoza, na kila kincha ni uchane uliokwisha ukapokewa na mwingine.

Nimeeleza hayo kwa urefu kwa sababu ndani yake ndimo lilimo jambo lililonishangaza kuliko yote. Uchane wa rangi nao hausimami mahali pamoja. Hushuka kwa mshazari mpaka ukingoni, hukunjwa, hurudi. Ukiweka mmoja tu kati ya nyeupe, utaona njia ya zambarau inayokwenda kona kona. Ukiweka mbili zinazoanzia pande mbili, zitakutana katikati, zitapishana, zitaachana mpaka kingoni na kurudi kukutana tena, na kila baina ya mapishano mawili kunabaki umbo la pembe nne lililosimama kwa ncha, mfano wa almasi. Ongeza rangi ya pili nyuma ya ile ya kwanza, na umbo linapata kivuli. Badilisha hatua kidogo, juu ya tatu badala ya mbili, na ndani ya umbo huzaliwa umbo dogo zaidi. Haya yote huchorwa na chane zinazokwisha kila baada ya muda mfupi, na kila inayokwisha lazima ipokewe na ya rangi ile ile, mahali pale pale, la sivyo mstari unakatika. Msukaji anabeba kichwani rangi ipi iko njia ipi na imebakiza mapishano mangapi. Nilimwomba anihesabie kwa sauti. Alijaribu, akakosea, akacheka, akafumua vidole viwili vya kazi.

"Ukiniuliza napotea," alisema. "Niache mikono ihesabu."

Wala hafanyi kazi hiyo katika saa iliyotengwa. Chungu kiko motoni, yeye anasuka; anainuka kukitazama, anarudi, anaokota ukili pale alipouacha. Anakwenda kumjulia hali mgonjwa, ukili uko kwapani. Mchana, baada ya adhuhuri, wanawake wanne au watano hukutana kivulini, kila mmoja na wake, redio ikiimba taarabu, na mazungumzo hayakatiki wala mikono haisimami. Mtoto wa kike wa miaka saba au minane alikuwa amekaa kati yao na chane zilizotupwa, fupi mno kwa kazi ya maana, anasuka kitu ambacho hakikuwa ukili bado. Hakuna aliyemkemea wala kumsifu. Mara moja bibi alinyoosha mkono, akamgeuzia uchane mmoja, akaendelea na lake.

Hapo ndipo nilipomuuliza kwa nini anajitaabisha na rangi. Mkeka mweupe hulaliwa vilevile, husukwa kwa muda mfupi zaidi, na mkekani mtu hakai akitazama chini. Alifikiri kabla ya kujibu, na mikono yake ikapunguza mwendo, jambo nililoliona kwa nadra.

"Mweupe nao ni mkeka, sikatai," alisema. "Lakini mimi ndiye ninayeutazama siku zote hizi. Nisiposuka kitu cha kunipa hamu ya kesho, kesho nitauokota kwa nini?"

Nadhani amesema kweli kubwa kuhusu kila kazi ya mikono inayofanywa majumbani. Furaha iko njiani, katika ile hamu ya kuona almasi ya pili itatokaje baada ya ile ya kwanza. Mtu hahitaji chumba maalumu wala ruhusa ya mtu ili aipate. Bibi huyu anaipata akisubiri wali uive.

Ukili uliokamilika hupimwa kwa mikono iliyonyooshwa, ncha ya kidole mpaka ncha ya kidole, na hiyo ni pima moja. Urefu wa pima moja ni karibu mita 1.8, ambao ndio urefu wa mkeka wa kulalia mtu mmoja kwa raha. Upana wa mkeka huo ukiwa mita 1.2, na ukili mmoja ukiwa na sentimita 7, zinahitajika kili 17 zilizolazwa ubavu kwa ubavu. Maana yake ni zaidi ya mita 30 za ukili kwa mkeka mmoja wa kawaida. Alipokuwa akizisuka hakuwahi kuuona mkeka. Aliona upana wa vidole vinne tu, siku baada ya siku, na sehemu iliyokwisha ilizungushwa na kuwekwa juu ya kabati. Mkeka mzima ulikuwa kichwani mwake, na ulibaki humo mpaka ukili wa mwisho.

Kabla ya kushona, vincha vya upande wa chini hukatwa kwa kisu kidogo, kimoja kimoja. Hii ni kazi ya kuchosha na yeye haipendi. Huigawa kwa yeyote anayepita. Kisha kili hunyunyiziwa maji, hukandamizwa kwa chupa inayobingirishwa, na kulazwa chini uani. Siku hiyo hakuna anayekaa barazani. Mke wa mwanawe alisimama upande mmoja, bibi upande mwingine, na kili zikawa zinahamishwa: hii yenye kijani isogee, hizi mbili nyeupe ziingie katikati, ile ya zambarau na nyekundu iende pembeni. Walibishana. Bibi alirudi nyuma hatua tatu, akainamisha kichwa, akasema hapana, wakaanza upya. Nilimtazama uso wake zaidi ya nilivyozitazama kili. Kwa mara ya kwanza alikuwa anakutana na kitu alichokijua muda wote, na hakikuwa sawa kabisa na alivyokifikiria, na tofauti hiyo ilimfurahisha waziwazi.

Sindano ni ya chuma, ndefu na nene, mfano wa shazia ya kushonea magunia. Uzi ni ukindu wenyewe, uchane mwembamba uliosokotwa ukiwa na unyevu. Kili mbili huwekwa kingo kwa kingo. Kila ukingo, kama nilivyosema, ni safu ya mikunjo, mahali chane zilipogeuka, na sindano hupita ndani ya mkunjo wa ukili huu, kisha ndani ya mkunjo wa ule wa jirani, ikarudi. Uzi ukivutwa, mikunjo ya pande mbili huingiana. Mshono unaingia ndani na kufichika, na mtu asiyejua atadhani mkeka umesukwa mzima kwa mara moja.

Ugumu uko kwenye maumbo. Almasi za ukili mmoja zinatakiwa zikutane ncha kwa ncha na za ukili wa pili, kutoka mwanzo wa mkeka mpaka mwisho. Lakini ukili uliosukwa siku ya mvua, chane zikiwa na maji mengi, ukikauka hunywea kuliko uliosukwa siku ya jua. Zikilazwa pamoja, ncha zinaanza sawa na kufikia shibiri ya nne zimeachana upana wa kidole. Hali hii haimtishi. Huvuta ukili mmoja kwa gumba huku akiulegeza mwingine, anagawa tofauti hiyo katika mishono mingi, kidogo hapa, kidogo pale, na ncha zinarudiana. Kuna mahali aliona zimekataa. Alikata uzi, akafumua mishono yote mpaka shibiri moja nyuma, akanyunyiza maji, akaanza tena kutoka hapo. Uso wake haukubadilika. Kufumua ni sehemu ya kushona, na mikono ilifanya yote mawili kwa mwendo ule ule.

Mwisho ni taraza. Ukili mwembamba zaidi, wa vidole viwili, husukwa peke yake na kuzungushiwa pande zote nne ili ncha zilizokatwa zisichomoze. Pembeni taraza hukunjwa, na pembe iliyokunjwa vizuri hulala chini bila kunyanyuka. Wanunuzi wanaojua hutazama pembe kwanza. Wasiojua hutazama rangi, na siku hizi wengi hununua mikeka ya plastiki, ambayo ni rahisi, haiogopi maji na haichuji. Nyumba ya bibi huyu inao mmoja, umetandikwa jikoni, na hana neno baya juu yake. Ila usiku wa joto, plastiki hushika jasho na kugandamana na ngozi, wakati ukindu hupitisha hewa, na hilo hakuna haja ya kulihubiri kwa mtu aliyelalia vyote viwili.

Mkeka wa ukindu una sifa nyingine ambayo ule wa dukani hauna. Ukichakaa mahali pamoja, hautupwi. Mshono hufumuliwa pande mbili za ukili uliokwisha, ukili huo ukatolewa na mpya ukaingizwa mahali pake. Bibi alinionyesha mkeka wa chumbani mwake, ambao katikati umebadilishwa kili mbili kwa nyakati tofauti. Mkeka wote ni wa kijani na weupe. Kili hizo mbili ni nyekundu, na maumbo yake ni mengine kabisa, madogo, yaliyobanana, lakini ncha zake zimekutana na za kijani bila kukosea hata moja.

Nilimuuliza kama siku hizo kijani kilikosekana dukani.

"Kilikuwepo," alisema, akiupangusa mchanga kwa ukingo wa kanga. "Nilikuwa nimekichoka."